Ukiguswa, Toka Mwenyewe

Kambini, Dar es Salaam
9 Machi 2025

Dada Makrina,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ukiona bahasha utadhani kuna msiba, maana siku hizi nani anaandika barua. Hakuna msiba. Mimi mzima, ni goti la kushoto tu linalonisumbua asubuhi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ya shemeji Methodius tunaishia kusalimiana na kucheka, mara mtandao umekata, na kila mara nabaki na maneno yangu kifuani. Barua nampa konda wa basi la Nachingwea. Yeye atamwachia Magreti dukani, na Magreti anasema kila wiki kuna mtu wa Matambarale anayepita kwake kununua bidhaa.

Natamani ungeiona kambi yetu ya sasa. Nilipofika hapa mwaka 2018, timu nzima ya taifa ya kriketi ya wanawake ilikuwa na jozi nne za pedi za miguu. Mpigaji akitolewa alikuwa anakimbia kuzivua, anayeingia anazivaa zikiwa bado na jasho la mwenzake. Mechi yangu ya kwanza ilitazamwa na watu tisa, na wanne kati yao walikuwa walinzi wa uwanja. Safari ya kwanza nje ya nchi wenyeji walitumaliza kabla ya saa ya chai. Tukapanda basi, mmoja akaanza kulia, tukalia wote. Mimi nililia kwa sababu nilikutafuta kwenye kiti cha pembeni na hukuwepo.

Sasa kila msichana ana begi lake na jina lake mgongoni. Mwaka juzi tuliwafunga wale wale waliotumaliza kabla ya chai, na watu walisimama kupiga makofi, watu wazima na heshima zao. Mwezi ujao tunakwenda Kigali. Tukishika nafasi mbili za juu, tunaingia kwenye mashindano makubwa ya mabara yote. Watoto wa shule hapa jirani wananijua kwa jina, Makrina. Wananiita Felo wa Kusini.

Juzi kocha alituambia tunakosa mrushaji mmoja, wa kurusha mpira unaoteleza chini bila kupanda. Nikamwambia kwetu tulijifunzia kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia korosho, pale ghala la chama cha msingi Lionja, na pale mpira haupandi, unakuja kwenye vifundo vya miguu. Akacheka, akafikiri namtania. Sasa sikiliza. Tarehe 14 Juni wachaguzi wa timu watakuja Nachingwea kutafuta wasichana. Mwisho ni miaka ishirini na mitano, na wewe unatimiza ishirini na sita Novemba. Nimehesabu. Njoo urushe.

Kuna jambo lingine nataka kukuambia, lakini karatasi imeisha.

Mdogo wako,
Felomena

*

Matambarale
6 Aprili 2025

Felo,

Milele amina. Karatasi imeisha, na Dar yote hiyo haina duka la karatasi? Haya bwana, jambo lako litunze, likioza usiniletee.

Barua ilifika ikiwa na harufu ya dagaa, sijui huyo konda aliiweka wapi. Magreti naye kaifungua, akaisoma yote, akaifunga na gundi ya kiatu, halafu kaniandikia nyuma ya bahasha kwamba hajaifungua. Ndiye yule yule aliyekuwa akidaka nyuma ya vijiti vya wiketi, mikono inatangulia akili.

Sisi tupo. Methodius mzima, mtoto Dionisia ameota meno ya nyuma na sasa anauma kila kitu, mpaka bega langu. Tuko kwenye palizi ya ufuta, mgongo umekuwa wa bibi. Jioni napita kwenye ghala la hapa Matambarale, mtandao unaposhika, nawatazama mnavyocheza kwenye kioo cha simu, wadogo kama sisimizi. Nakujua kwa mwendo. Bado unatembea kama umebeba ndoo.

Lakini niulize kitu. Hivi mnagombana na nani huko? Mpira ukipita tu karibu na kibao cha mpigaji, timu nzima mnaruka, mnanyoosha mikono kwa mwamuzi, mnapiga kelele kama mnafukuza nyani kwenye mahindi. Mama mkwe aliniuliza kama kuna mtu ameumia. Najua, ndiyo ile hauzati aliyotufundisha Mwalimu Ashraf, kwamba timu isipomuuliza mwamuzi kwa sauti, mwamuzi hamtoi mtu hata kama kaona. Unakumbuka tulivyocheka siku ile? Magreti alilala chini kabisa. Mwalimu wa watu katoka Tanga na boksi lake la vifaa, anatuelekeza kupiga yowe, na sisi tumeshacheza rede tangu hatujaota meno.

Nikipalilia huwa naifikiria ile rede yetu. Wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa, mpira wa soksi umejazwa matambara. Ukiguswa, hata kama ni pindo la sketi na hakuna aliyeona, unatoka mwenyewe. Hakuna mwamuzi, hakuna kuulizana. Kule Lionja nani angethubutu kumuuliza mtu wa tatu kama mwenzake kaguswa? Ni kama kumwita mwizi. Na kriketi tuliicheza hivyo hivyo miaka mitatu, mpaka Mwalimu akachoka kutusahihisha. Zilikuwa siku nzuri zile. Kuanzia Mei korosho hazipo, sakafu nzima ya kwetu, tunafagia vumbi, tunacheza mpaka mama yako na mama yangu wanatuita kwa majina ya ubatizo.

Hayo ya tarehe 14 niachie. Mimi ni mke wa mtu, nina mtoto na heka mbili za ufuta. Mwaka 2018 walitaka mmoja tu, wakampata. Siku ile haikuwa yangu, basi.

Nitumie picha ukiwa umevaa nguo za timu, ya kuiweka ukutani.

Dada yako,
Makrina

*

Kambini, Dar es Salaam
4 Mei 2025

Dada Makrina,

Tumerudi. Utakuwa umeona, tumeshika nafasi ya pili, tunakwenda kwenye mashindano makubwa. Uwanja wa ndege tulipokewa na ngoma, na kuna mama nisiyemjua alinivisha khanga mabegani akalia. Kwa jinsi tulivyoanza, na zile jozi nne za pedi, hata mimi ningelia. Sikuweza, na nataka nikwambie kwa nini.

Mechi ya mwisho nilikuwa napiga. Tulihitaji mikimbio kumi na tisa. Mpira mmoja ukanipita, ukakwaruza ukingo wa kibao, kidogo tu, nikausikia mikononi mwangu, mdakaji wa nyuma akaudaka kabla haujagusa chini. Hapo nilikuwa nimeshatoka. Wapinzani hawakusikia kwa kelele za uwanja. Hakuna aliyemuuliza mwamuzi. Nikabaki. Nikapiga hizo kumi na tisa. Wakati wa chakula nahodha alisimama akanisifu mbele ya watu, akasema Felo ana moyo wa chuma, na mimi nikasukuma sahani ya wali pembeni. Huku wengi wanabaki, si kosa, mwamuzi ndiye anayesema. Lakini mimi sikulelewa huku.

Na haikuwa mara ya kwanza. Ndilo jambo lenyewe.

Julai 2018, uwanja wa shule Nachingwea, wachaguzi watatu kwenye meza chini ya turubai. Ulikuwa unanirushia wewe. Nilikuwa na mikimbio minne tu. Ukarusha ule mpira wako wa sakafuni, ukaingia chini, ukagusa kibao, Magreti akaudaka. Niliusikia, Makrina. Niliusikia kama mtu anavyosikia jina lake. Ulisimama katikati ukinitazama, hukusema neno, na mimi nilijua kwa nini husemi. Ulikuwa unanisubiri nitoke. Mwamuzi naye alikuwa anasubiri uulize. Nikainama, nikaanza kugongagonga ardhi kwa kibao kana kwamba naisawazisha.

Kisha nikafikisha arobaini na moja, wakaandika jina langu. Ungenitoa pale, ungekuwa wewe. Mchaguzi mmoja alisema hivyo hivyo akifunga daftari, kwamba yule mrushaji ni mzuri lakini hajamtoa mtu. Nilimsikia.

Kila kitu nilichokuandikia kuhusu timu hii, ngoma, majina mgongoni, nimekipata nikiwa nimesimama mahali pako. Nimekaa nalo miaka saba. Nilitaka kukuambia siku ya harusi yako, nikakuta umefurahi. Nilitaka kukuambia ulipojifungua. Kila mara nilipata sababu, na sababu yenyewe ilikuwa woga, hamna kingine. Naogopa kukukosa kuliko ninavyoogopa kitu chochote.

Nimemwambia kocha. Sikumwambia yote, nimemwambia kwamba mrushaji anayemtafuta yupo Matambarale na anaitwa Makrina. Nakuomba uende tarehe 14. Ukitaka kunitukana, nitukane, lakini nenda.

Felomena

*

Kambini, Dar es Salaam
1 Juni 2025

Dada Makrina,

Wiki nne leo. Konda ameapa kwa mama yake kwamba barua alimkabidhi Magreti mkononi, na Magreti ameapa kwamba ilifika kwako na kwamba hakuifungua. Safari hii namwamini, maana angeifungua angekuwa ameshanipigia.

Nimepiga simu mara sita. Shemeji anasema uko shamba, saa nne uko shamba, jioni uko shamba. Mara ya mwisho nilisikia sauti yako nyuma yake ukimwita mtoto. Sikumwambia.

Niliomba niende Nachingwea pamoja na wachaguzi, wamenikatalia, tuna mazoezi. Kwa hiyo sitakuwepo pale kukutazama, kama ni hilo linalokuzuia. Jana tulipiga picha ya timu kwa ajili ya mashindano. Nakutumia moja kama ulivyoomba, ingawa sijui kama bado unaitaka ukutani kwako.

Nakukumbuka sana. Hata unitumie karatasi tupu, nitajua umeshika kalamu.

Felomena

*

Matambarale
17 Juni 2025

Felo,

Barua yako ya Mei niliisomea shambani, nimekaa juu ya jembe. Nikaisoma mara mbili. Nikaikunja, nikaitia kwenye kopo la unga, nikaendelea na kazi mpaka Methodius akaja kuniuliza kama leo hatuli.

Uliloniambia nilikuwa nalijua. Mrushaji husikia kabla ya mtu yeyote, mtoto wee. Nilisikia, na Magreti alisikia, akanitazama kwa yale macho yake ya kuulizia umbea. Nilipokuandikia kwamba siku ile haikuwa yangu, nilikuwa nakuchokonoa nione kama utasema. Nilikuwa nakuchokonoa kila mwaka, wewe hujui tu.

Na usifikiri nilikasirikia nafasi. Nafasi niliilia wiki moja, ikaisha. Kilichobaki ni jioni ile. Tulishika njia moja kurudi Lionja, miguu yetu imejaa vumbi, ukafika kwetu, mama akakupa mihogo, ukala. Ukala ukamaliza. Nikawa nakutazama mdomo nikisema sasa hivi atasema, acha kwanza anywe maji. Ukanywa maji, ukaaga. Hapo ndipo uliponiumiza. Na mimi nina ubaya wangu: ningeweza kukuuliza, nikasema sikuulizi, nione utakaa nalo mpaka lini. Kwa hiyo tulikuwa wawili tuliojaa maneno, tunapigiana simu kusalimiana.

Sikukujibu kwa sababu nilitaka nikusamehe kweli. Kukusamehe kwa mdomo ningeweza siku ile ile.

Tarehe 14 nilikwenda. Methodius ndiye aliyenitoa. Ufuta umeshakauka, tunaukata, nikamwambia siwezi kuacha kazi, akasema mafungu ya ufuta hayana miguu, yatanikuta. Nilipanda bodaboda na Dionisia mgongoni, nikamwacha kwa Magreti, ambaye alifunga duka ili aje kutazama, kwa hiyo mtoto naye akaja. Wasichana walikuwa thelathini na wanane. Mimi ndiye mwenye nyonga. Mmoja aliniamkia shikamoo akidhani nimemleta binti yangu.

Ova ya kwanza, ile mipira yangu sita ya mwanzo, nilitia aibu. Mipira miwili ilikwenda kwa wachaguzi wenyewe, mama mmoja akainua miguu. Halafu mkono ukaanza kukumbuka. Wa nne ukateleza, wa tano ukateleza, nikaona mezani kalamu zinatembea. Felo, sijui nikwambieje. Nilisikia raha ambayo sikuwahi kuisikia tangu nilipozaa. Nilikuwa na miaka kumi na minane tena na sakafu nzima ya kwangu.

Kisha wakamwingiza mtoto mmoja wa Kiegei, anaitwa Jenifa, kidato cha tatu, mwembamba, miguu peku, pedi zinamfika kiunoni. Anapiga vizuri sana. Amenipiga mara tatu kwenda kwenye majani. Mpira wa nne nikauzamisha chini kabisa, ukagusa ukingo wa kibao, nikausikia, mdakaji akaudaka.

Miaka saba yote ikanipanda kichwani. Niligeuka kwa mwamuzi, mikono yote miwili juu, nikapiga kelele ambayo sijapiga hata leba. Hauzati. Magreti anasema mbuzi walikimbia. Sikumwangalia hata mpigaji, nilikuwa nataka kidole cha mwamuzi tu, kile cha kumtoa mtu, na kidole kikapanda, nikasikia nimelipwa.

Nilipogeuka, yule mtoto alikuwa ameshafika nusu ya njia. Kibao kwapani, anafungua glavu kwa meno. Alikuwa ameanza kutoka kabla sijafungua mdomo. Alisimama akanitazama, hakukasirika, alishangaa tu, akaniambia, "Mbona nilishatoka, dada?"

Niliona aibu mbele ya mtoto, aibu ya kweli, ya kutaka kujifunika khanga. Nilipomaliza ova nilimfuata, nikamwomba radhi, naye akasema hamna shida, akaniomba nimwonyeshe ninavyoshika mpira. Nikamwonyesha. Nikamuuliza amejifunza wapi kutoka bila kuambiwa. Akanitazama kama nimemuuliza amejifunza wapi kula. Akasema kwao ndivyo wanavyocheza.

Pale ndipo hasira yangu na wewe iliponiishia, Felo, si kwenye barua. Niliona kumbe ile sakafu yetu haijafa. Nilikuwa nadhani tuliiua mimi na wewe siku ile, wewe kwa kubaki na mimi kwa kunyamaza.

Wamewachukua watatu, na Jenifa ndiye wa kwanza. Jina langu wameliandika pembeni, wakasema wakipungukiwa wataniita. Umri wangu umewatisha, au nyonga. Labda wataita, labda hawataita, Methodius ameshaanza kuniamsha alfajiri nikimbie, watu wanamuuliza kama tumegombana. Nikiitwa nitakuja. Nisipoitwa, nitakuwa naenda Kiegei Jumamosi, wamenikaribisha shuleni kwao. Vyovyote vile, tarehe 14 nilisimama uwanjani nikarusha, na hakuna atakayeninyang'anya hiyo. Nimekusamehe, mdogo wangu. Nakuambia kwa maandishi ili siku nikikununia uwe na ushahidi.

Picha nimeiweka ukutani. Methodius anasema umenenepa.

Jenifa anafika huko Jumapili, tarehe 29, na basi la asubuhi. Hajawahi kufika mbali kuliko Masasi, na mama yake amenishika mkono akaniomba nimtafutie mtu wa kumwangalia. Nimekutaja wewe. Mpokee stendi, mlishe, mpe nafasi karibu na kitanda chako. Mfundishe kila kitu walichokufundisha, kelele pia, maana bila kelele huko hamli. Lakini siku mpira ukimgusa, hata kama ni mechi ya mwisho na mnahitaji mkimbio mmoja, ukiona ameanza kutoka, usimrudishe.

Dada yako,
Makrina